Siku ambayo Koufax hakurusha mpira

Dominika mbili zilizopita, baada ya Misa ya kwanza, kijana mmoja alinisubiri nje ya sakristia. Ni golikipa wa timu ya mtaa wetu, mrefu, mwenye viganja kama makasia. Alinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, Padre," nikaitikia, kisha akasogea karibu kama mtu anayetaka kuungama akiwa amesimama. Timu moja kubwa kuliko ya kwao ilikuwa imemwita kwenye majaribio, na majaribio yenyewe yamepangwa Jumapili, kuanzia saa moja asubuhi hadi mchana. Akaniuliza, "Nikienda, ni dhambi?"

Nilimjibu haraka, maana watu wa Misa ya pili walikuwa wameshaanza kuingia. Nilimwambia aje Misa ya Jumamosi jioni, na kesho yake aende kwenye majaribio kwa amani. Kwa sheria za Kanisa jibu hilo halina kasoro. Kanuni ya 1248 inasema wazi kwamba anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wake. Kijana alishukuru, akaondoka akiwa ametua mzigo. Mimi ndiye niliyebaki nao. Aliniuliza habari za siku ya Bwana, nami nikamjibu habari za ratiba.

Usiku nilimkumbuka mwalimu wetu wa Maandiko Matakatifu seminarini, mmisionari kutoka Marekani, mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Juu ya kabati lake la vitabu palikaa glovu kuukuu ya ngozi, pana kama sinia, na hakuna kati yetu aliyejua ni ya nini. Tulipofika Kitabu cha Walawi, sura ya 16 na ya 23, mahali ambapo Mungu anaagiza Siku ya Upatanisho, aliishusha, akaivaa mkononi, na kipindi kizima akatusimulia habari za Myahudi mmoja aitwaye Sandy Koufax. Wengine tulidhani mzee amechoka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya mtu huyo, na leo naomba nikupitishe, mpendwa msomaji, katika habari zake.

Koufax alikuwa mrushaji katika mchezo wa besiboli, mchezo ambao huku kwetu tunauona kwenye filamu tu. Mrushaji husimama katikati ya uwanja juu ya kichuguu kidogo, na mpigaji mwenye gongo humkabili kutoka umbali wa mita 18 na ushei. Mrushaji akiwa hodari, mpigaji huambulia kupiga hewa. Timu huwa na warushaji kadhaa wanaopokezana, kwa sababu mkono wa mwanadamu hauwezi kazi hiyo kila siku. Wakati ule aliyerusha mchezo mzima alipumzishwa siku tatu hivi ndipo arudi. Kwa hiyo kocha huzihesabu siku za mrushaji wake mkuu mapema, kama mkulima anavyohesabu siku za mvua, na zinapokaribia fainali hesabu hiyo huwa kila kitu.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 30 Desemba 1935. Wazazi wake walitengana akiwa bado mdogo sana. Mama yake, aliyekuwa mhasibu, akaolewa tena na mwanasheria Irving Koufax, na jina tunalomjua nalo mtoto yule ni la baba huyu wa kambo. (Wanaume mnaolea watoto ambao hamkuwazaa, Mtakatifu Yosefu ni wenu.) Alijiunga na timu ya Dodgers ya kwao Brooklyn akiwa na miaka 19, timu ambayo baadaye ilihamia Los Angeles. Alikuwa na mkono wa kushoto wenye nguvu za ajabu ila hakuweza kuutawala. Mpira ulikwenda kasi, lakini hakuna aliyejua unakwenda wapi. Katika misimu sita ya kwanza alishinda michezo 36 na kupoteza 40. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa mwaka 1960 alitupa vifaa vyake vya mchezo katika pipa la taka, akiwa amekata tamaa, na mtunza vifaa wa timu akaviokota na kumwekea hadi msimu mwingine.

Mwaka 1961, wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu, mdakaji wake Norm Sherry, naye Myahudi, alimshauri jambo dogo: apunguze nguvu, asirushe kama mtu anayetaka kubomoa ukuta. Akapunguza, na mpira ukaanza kumtii. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1966 hakuna mrushaji aliyemkaribia. Mwaka 1965 peke yake alishinda michezo 26, akawatoa wapigaji 382 bila wao kuupeleka mpira popote, na tarehe 9 Septemba aliwakabili wapigaji 27 wa timu ya Chicago Cubs mmoja baada ya mwingine, wala hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza.

Sasa tuingie Oktoba ya mwaka huo, mwezi ambao sisi Wakatoliki tuna sababu zetu wenyewe za kuukumbuka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa katika kikao chake cha mwisho kule Roma. Tarehe 4 Oktoba Papa Paulo VI aliruka hadi New York, akahutubia Umoja wa Mataifa kuomba vita visiwepo tena, na jioni akaadhimisha Misa ndani ya Yankee Stadium, ambao ni uwanja wa besiboli. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo Papa kuadhimisha Misa katika ardhi ya Marekani. Siku mbili baadaye, tarehe 6, siku ya Jumatano, fainali za besiboli zinazoitwa World Series zilikuwa zifunguliwe Minnesota, Dodgers dhidi ya Minnesota Twins, na atakayeshinda michezo minne kati ya saba ndiye bingwa. Kila mtu alitazamia Koufax ndiye atakayeanza.

Tarehe 6 Oktoba mwaka huo iliangukia Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, iliyo takatifu kuliko zote kwa Wayahudi. Walawi 23 inaagiza ishikwe tangu jioni hadi jioni, watu wajitese nafsi zao kwa kufunga na wasifanye kazi yoyote. Haina ibada ya jana yake ya kuifidia. Koufax akasema hatarusha.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wahubiri hupenda kulirukia. Koufax hakuwa mtu wa dini kwa namna tunavyomwelewa mtu wa dini. Wengi mmesikia habari za Eric Liddell, Mskoti aliyekataa kukimbia Jumapili katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924. Huyo alikuwa mhubiri, akaishia kuwa mmisionari China, na kukataa kwake hakukuwashangaza waliomjua. Koufax hakujulikana kwa kusali sana. Hata siku hiyo yenyewe alikuwa wapi, maelezo yanatofautiana. Wapo waamini wa masinagogi ya huko waliosema baadaye kwamba walimwona kwenye ibada, lakini Jane Leavy, aliyeandika kitabu juu ya maisha yake, anaeleza kupitia marafiki zake kwamba alibaki chumbani hotelini. Hakuitisha waandishi wa habari wala kutoa tamko. Katika kitabu chake mwenyewe alichokitoa mwaka 1966 aliligusa jambo hilo kwa maneno machache, kwamba hapakuwa na uamuzi wa kufanya kwa sababu haikuwahi kuwa na uwezekano wa yeye kucheza siku hiyo. Waliomzunguka walijua hivyo miaka yote.

Naipenda sana hiyo namna yake ya kutolifanya kuwa jambo. Siku hizi mtu akifunga siku tatu, mtaa mzima unajua. Tunapiga picha tukiwa kwenye hija, tunaweka kwenye simu picha ya Biblia iliyofunguliwa pembeni ya kikombe cha chai. Simhukumu mtu, hata mimi nimewahi kupigwa picha nimepiga magoti, na nilijua kabisa mpiga picha yuko upande gani. Koufax aliiacha siku moja wazi kwa ajili ya Mungu wa baba zake, kisha akanyamaza.

Na siku aliyoitoa ilikuwa siku ghali. Angeweza kutoa siku ya katikati ya msimu, mchezo dhidi ya timu dhaifu, na watu wangemsifu. Aliitoa ile ambayo timu, mji na waliomlipa mshahara walimhitaji kuliko siku nyingine yoyote. Ndipo nilipoona udogo wa jibu langu kwa yule golikipa. Nilimwonyesha namna ya kumpa Mungu saa moja isiyomgharimu kitu.

Basi ikawaje? Mahali pake alisimama Don Drysdale, mrushaji mwingine mkubwa wa timu ile. Drysdale alipigwa vibaya, akatolewa mchezo ukiwa bado mchanga, na Dodgers wakafungwa 8 kwa 2. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akimkabidhi kocha mpira alimtania kuwa bila shaka anatamani naye angekuwa Myahudi. Kesho yake Koufax alipanda kichuguuni. Akashindwa naye, 5 kwa 1.

Tusimame hapo kidogo. Najua jinsi hadithi hii ingehubiriwa katika mimbari nyingi za miji yetu, na yangu ikiwemo siku nikiwa nimejiandaa vibaya. Mhubiri angeuruka mchezo wa kwanza na wa pili, akakimbilia wa saba, kwa sababu wa saba una utamu. Ni kweli Koufax alishinda mchezo wa tano. Na tarehe 14 Oktoba, baada ya kupumzika siku mbili tu, mkono ukiuma na mpira wake wa kupinda ukiwa umegoma kupinda, alirusha mchezo mzima wa saba karibu kwa mpira wa kasi peke yake, wakashinda 2 kwa 0 na kuwa mabingwa. Mhubiri angepaza sauti: umeona? Alimheshimu Mungu, Mungu akamheshimu! Kisha kikapu kingepitishwa.

Lakini mhubiri huyo atufafanulie pia kiwiko. Mwaka uliotangulia, 1964, madaktari walikuwa wamegundua baridi yabisi katika kiwiko cha mkono wake wa kushoto, mkono wa kazi. Msimu mzima wa 1965 aliucheza kwa sindano na vidonge, akijipaka kabla ya mchezo dawa ya kuchua iliyotengenezwa kwa pilipili, inayowaka hadi wenzake wakatoka machozi, na baada ya mchezo akikiloweka kiwiko katika maji ya barafu. Aliishika Siku ya Upatanisho, na ugonjwa haukupona. Tarehe 18 Novemba 1966, baada ya msimu alioshinda michezo 27, alitangaza kwamba anaacha. Alikuwa na miaka 30. Alieleza kwamba bado ana miaka mingi ya kuishi baada ya besiboli, naye anataka kuiishi akiwa na viungo vyake vyote. Ukiisoma hadithi kama mkataba wa biashara kati ya mtu na Mungu, haisomeki. Timu ilishindwa siku aliyokataa kucheza na siku iliyofuata, ikashinda baadaye, na mwaka mmoja mbele kazi yote ikaisha. Wenzetu wanaotufundisha kwamba kila sadaka ina riba yake hawawezi kuihubiri hadithi hii yote bila kuficha kurasa.

Mimi naona kuacha kwake akiwa na miaka 30 kunafanana na kukaa kwake hotelini Jumatano ile. Mwaka 1966 alilipwa dola 125,000, mshahara ambao wachezaji wachache sana wa wakati ule waliuota, na hakuupata kwa upole. Yeye na Drysdale waligoma pamoja kwenda mazoezini mpaka walipwe vizuri. Papa Leo XIII, aliyeandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, nadhani asingewalaumu. Mtu wa namna hiyo, anayeijua thamani ya kazi yake hadi senti, alifika mahali akasema inatosha. Tunao kati yetu watu ambao kazi imewala mpaka mifupa, na tunawasifia kwenye mazishi yao kwamba hawakupumzika hata siku moja. Nimesoma wasifu wa marehemu wa namna hiyo mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya jeneza. Mara mbili marehemu alikuwa padre.

Kuna kingine cha Oktoba ile. Tarehe 28, wiki mbili kamili baada ya mchezo wa saba, Mtaguso ulipitisha tamko la Nostra Aetate kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Humo Kanisa linasema kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo, nalo linasikitikia chuki dhidi yao popote ilipotoka. Ilibidi lisemwe. Mwaka 1934, miaka 31 kabla ya Koufax, mchezaji mwingine Myahudi, Hank Greenberg wa Detroit, aliacha mchezo ili aende sinagogi siku hiyohiyo ya Upatanisho, na timu yake ikafungwa. Karibu na mji huohuo padre mmoja Mkatoliki, Charles Coughlin, alikuwa anahutubia mamilioni ya watu kwa redio, na kabla ya miaka ile ya 1930 kuisha hotuba zake zilikuwa zimejaa sumu dhidi ya Wayahudi. Alivaa kola kama ninayovaa mimi. Kwa hiyo ninapojifunza kuishika siku takatifu kutoka kwa Myahudi aliyekaa kimya hotelini, najua ninajifunza kwa mtu ambaye mapadre wa aina yangu waliwahi kuwafundisha watu kumchukia.

Sasa nirudi kwetu, maana kuna jambo katika habari hii ambalo nisingependa tulikwepe. Koufax aliweza kukataa kwa sababu aliruhusiwa. Kocha wake na wenye timu walipanga upya, wakala hasara ya 8 kwa 2, na hawakumtishia kazi. Soma tena Kutoka 20. Amri ya kupumzika haiishii kwa mwenye nyumba. Inawataja mtumwa na mjakazi, inamtaja mnyama wa kufugwa, inamtaja mgeni aliye ndani ya malango. Katekisimu, namba 2187, inatukataza kuwatwika wengine bila ulazima kazi zitakazowazuia kuishika siku ya Bwana. Wauguzi, askari na madereva wa usiku nawajua, kazi zao haziwezi kusimama na Mungu anawaona. Siwasemi hao.

Namsema dada wa kazi. Familia yote mpo Misa ya pili mmevaa vitenge vya sare, mama wa familia ni mwenyekiti wa jumuiya, baba anasoma somo la kwanza, na aliyewanyooshea nguo hizo yuko nyumbani anakatakata vitunguu kwa ajili ya wageni wa mchana. Muulize mara ya mwisho aliingia kanisani lini. Muulize kama ana siku yake hata moja, tangu jioni hadi jioni. Yupo pia mwenye duka la jumla anayetoa sadaka nono ya mavuno huku vijana wake wa stoo wakipakua magunia Dominika nzima, na akikosekana mmoja anakatwa ujira. Namfahamu, na anajua namfahamu.

Wiki hii nilimpigia simu yule golikipa. Nilimwambia kuwa jibu langu la kisheria bado liko palepale, yuko huru, ila kuna hadithi nataka aisikie kabla hajaamua. Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza kile ambacho golikipa yeyote angeuliza: "Sasa Padre, siku hiyo aliyokaa hotelini walishinda?" Nikamwambia walifungwa nane kwa mbili. Akacheka, halafu akanyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Majaribio ni leo asubuhi. Unaposoma haya yeye ameshajua alichochagua.

Na kwa kuwa nimesema ya majirani, niseme na ya kwangu. Parokiani tuna mama anayetupikia mapadre. Kila Dominika anafika saa kumi na moja alfajiri, maana Misa ni tatu na wageni hawakosi, na anaondoka jioni kabisa. Misa yenyewe anaisali akiwa amesimama karibu na mlango wa nyuma ili awahi sufuria. Miaka minne nimemwona pale mlangoni nikiwa altareni, na nilidhani anapenda upepo. Jana nimemwambia leo asije jikoni, mshahara wake uko palepale, na kama atakuja kanisani akae viti vya mbele. Chakula cha mchana kitakuwa kiporo cha wali wa jana na maharage. Paroko msaidizi ameuliza nani atachemsha chai.